Chai ya Kifua

Mtaani walimwita Msumari, na jina lilimkaa vizuri. Alikuwa fundi wa makochi, na tangu aanze kazi hiyo alikuwa na mazoea ya kubana misumari midogo katikati ya midomo, akiitoa mmoja mmoja na kuigongelea kwenye fremu kabla mtu hajapepesa macho. Mteja akimsalimu, anaitikia kwa nyusi. Akiulizwa kochi litakuwa tayari lini, anajibu kwa nyusi vilevile, na mteja anaondoka ameridhika bila kujua ameahidiwa nini.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango mpana unaotazama barabara. Ndani mlijaa viti visivyo na migongo, migongo isiyo na viti, springi zilizochomoza kama mbavu, marobota ya vitambaa, na vumbi. Vumbi la sponji kuukuu ndilo lililokuwa adui yake, maana Msumari alikuwa na pumu. Aliirithi kwa mama yake, na hilo hakulinung'unikia. Kifua ni kifua. Kilichomnyima raha ni jambo jingine, ambalo aliamini lilikuwa njiani linamfuata kutoka hukohuko kwa mama.

Mama yake alikuwa na wazimu. Watu wa ukoo walilisema kwa maneno laini: alikuwa anaumwa, alikuwa anachanganyikiwa kidogo. Lakini Msumari alikuwepo, na ingawa alikuwa mtoto aliyakumbuka mengi. Alimkumbuka mama akizungumza na ukuta na kungoja ukuta umjibu. Alimkumbuka akivua nguo kwa joto wakati wenzake wamejikunyata kwa baridi, na akiokota sakafuni vitu visivyoonekana na kuvitia mfukoni kwa uangalifu mkubwa. Alikumbuka pia jinsi alivyokuwa anapelekwa hospitali ya magonjwa ya akili, akae huko wiki kadhaa, kisha arudi mzima kama kengele, anaimba jikoni, anawasuka nywele yeye na dada yake huku akiwatania. Nyumba nzima inashusha pumzi. Halafu baada ya muda mambo yanarudi palepale. Majirani wakaanza kusema kwamba hospitali inamponya na nyumba inamwangusha, kwa hiyo nyumba hiyo ina lake jambo. Alipokuja kufariki, alifariki kwa homa tu, akili zake zimetulia, ameshika mkono wa mdogo wake. Ila hakuna aliyekumbuka hilo. Watu walikumbuka ile asubuhi alipotoka barabarani na shuka peke yake akiwaamuru wapita njia wapange foleni.

Mdogo wake huyo, ambaye kina Msumari walimwita mama mdogo, ndiye aliyewalea mabinti wale wawili mpaka wakajitegemea. Aliwalea kwa upendo na kwa kelele nyingi, na jambo moja tu hakuwahi kulizungumza nao.

Msumari alipofikia umri ambao mama yake alianza kuumwa, akaanza kujichunguza. Asubuhi, kabla hajashusha miguu kitandani, anajiuliza leo ni siku gani, jana ameshona nini, nyundo ameiacha wapi. Akisahau jina la mteja, damu inamkauka. Akisikia sauti nje ya dirisha, anachungulia kuhakikisha kwamba sauti ina mwenyewe. Hakumwambia mtu, hata dada yake. Na dada yake naye, ambaye alikuwa mhudumu wa kaunta katika ofisi ya posta, mwanamke wa mihuri na sauti ya amri, alikuwa anajifanyia yaleyale kila asubuhi, na juu ya hayo alikuwa anawachunguza wanawe. Kwa hiyo ndugu wawili waliishi mitaa miwili ya jirani, wakitembeleana kila wiki, kila mmoja akimficha mwenzake hofu ileile moja.

Hofu hiyo ndiyo iliyomkataa Bwana Sponji. Mwenyewe Msumari asingemkataa. Bwana Sponji alikuwa mtu mnene, mpole, aliyesambaza sponji kwa mafundi kwa pikapu yake ndogo, na mzigo wake ulivyokuwa mwepesi na mkubwa, pikapu ilionekana kama inabeba wingu. Alikuwa amefiwa na mke, hana mtoto. Alipomwambia Msumari kwa mara ya kwanza kwamba angependa wafunge ndoa, Msumari alimjibu kwa nyusi, na yule bwana hakuelewa jibu. Aliporudia, Msumari alitoa misumari yote mdomoni, akaiweka mezani, akamwambia haiwezekani, wala hakutoa sababu. Bwana Sponji alitikisa kichwa taratibu, akashusha mzigo, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi kama kawaida, na kama kawaida alikuwa amemtengea sponji nzuri, ile ngumu isiyobonyea haraka.

Basi ukaingia msimu wa baridi, na kifua cha Msumari kikaanza kupiga filimbi. Dawa yake ya kuvuta ilimwishia katikati ya kazi kubwa, seti nzima ya makochi ya ofisi ya wakili mmoja asiyejua kungoja. Alikwenda duka la dawa, akaambiwa imeagizwa, arudi baadaye. Akarudi, akaambiwa bado. Akajikaza. Usiku analala ameketi, mchana anashona huku mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu anayesukuma gari.

Mama mdogo alipomkuta katika hali hiyo alifoka kidogo, kisha akaenda kwake, akarudi na chupa ya chai na mfuko wa majani makavu yaliyochanganyika na mbegu. Alimweleza kwamba hiyo ni dawa ya kifua, inaota yenyewe nyuma ya nyumba yake, nzuri kuliko hata hizo za dukani. Anywe nusu kikombe tu, apumzike. Msumari alinusa, akakunja uso, akanywa.

Kusema kweli, ilimsaidia. Haukupita muda mrefu akasikia kifua kikilegea kama fundo linalofunguliwa na mtu mwenye subira. Akavuta pumzi mpaka chini, ya kwanza iliyokamilika tangu wiki ile ianze, na machozi yakamlenga kwa raha. Mama mdogo akaenda zake sokoni akiwa amefurahi. Naye Msumari, akiliona kochi kubwa la wakili bado liko uchi katikati ya chumba, akawaza kwamba kama nusu kikombe kimefanya hivi, kikombe kizima kitampeleka mpaka jioni. Akamimina. Akamimina tena. Mwisho akatikisa chupa na kunywa na machicha.

Kwanza ulikuja ukavu. Ulimi uligeuka kipande cha turubai, maji aliyokunywa yakapita bila kulowesha kitu. Kisha maandishi ya kwenye tepu ya kupimia yakaanza kuogelea, na alivyozidi kuisogeza machoni ndivyo yalivyozidi kufifia. Joto likampanda usoni. Akavua sweta, akaendelea na kazi.

Baada ya hapo mambo yalikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo sehemu ambayo baadaye ilimtisha kuliko zote. Hakuona majoka wala mashetani. Aliona mteja. Mama mmoja wa makamo, amevaa vizuri, alikuwa ameketi kwenye fremu tupu, amepakata mkoba. Msumari alimwomba radhi kwa kiti kukosa sponji. Yule mama akasema hakuna neno. Wakaongea habari za rangi za vitambaa, mteja akitaka ya kijani, Msumari akimshauri kwamba kijani kinapauka upesi. Alipogeuka kuchukua sampuli na kurudi, fremu ilikuwa tupu, lakini kulikuwa na mwingine dirishani, naye akamhudumia vilevile. Alishona sana siku hiyo. Alipitisha uzi kwenye sindano, akavuta mshono mrefu ulionyooka, akabana misumari midomoni, akagongelea.

Dada yake alipopita kutoka kazini alimkuta amepiga magoti mbele ya kochi. Mkononi hakuwa na sindano. Hakukuwa na uzi. Midomo ameibana barabara juu ya misumari isiyokuwepo, na vidole vinachukua kitu hewani, vinakiweka kwenye mbao, na ngumi inagonga. Dada alimwita. Msumari akainua macho, na macho yale yalikuwa meusi kabisa, mboni imekula rangi yote.

"Subiri," akamwambia, kwa adabu ya kumwambia mtu baki. "Namalizia kochi la mama huyu, halafu nitakusikiliza."

Dada aliketi palepale kwenye robota la kitambaa. Neno moja tu lilimjia, nalo lilikuwa: imeanza. Kisha akainuka na kufanya jambo la kwanza lililomjia mtu aliyekulia katika nyumba ile: akaufunga mlango mpana ili mtaa usione.

Alikuwa bado anahangaika na komeo Bwana Sponji alipofika na mzigo. Alisukuma mlango kwa bega akidhani umekwama, na dada akasukumana naye kutoka ndani, akimwambia fundi amelala, arudi kesho. Wakati huohuo Msumari akasikika akimuuliza mtu kama anataka mito yenye vifungo au isiyo na vifungo. Bwana Sponji akaweka mguu kwenye kizingiti. Alimwangalia Msumari kwa muda, jinsi anavyogonga mbao kwa ngumi mpaka vifundo vimechubuka, akamgusa paji la uso kwa kiganja, akakuta linachoma na halina hata tone la jasho.

"Huyu anaumwa," akasema. "Twende hospitali."

Dada akamwambia kwamba ugonjwa huo anaujua, ni wa kwao, na hospitali yake iko mbali. Bwana Sponji akasema yeye haujui, ndiyo maana anataka kumuuliza mtu anayejua. Na kwa kuwa alikuwa mpana kuliko mlango, na kwa kuwa dada hakuwa na nguvu za kubishana, wakamchukua.

Safari ile Msumari haikumbuki, na ilibidi asimuliwe. Walimlaza nyuma ya pikapu katikati ya sponji ili asijigonge, dada amemkumbatia kiuno, na njia nzima alikuwa anatoa maelekezo. Alimtaka dereva aipinde barabara ukingoni kwa sababu imeshonwa ovyo. Alimsifu dada yake kwa kitambaa kizuri alichochagua kwa ajili ya uso wake. Dada alikuwa analia, na katikati ya kilio akajikuta anacheka, na kucheka kukamfanya alie zaidi.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke aliyevaa raba, mwenye maneno machache. Alimulika tochi kwenye macho ya mgonjwa, mboni hazikushtuka. Akamshika ngozi, akasikiliza moyo uliokuwa unakwenda mbio, akatazama ulimi. Muda wote huo dada alikuwa anamweleza habari za marehemu mama yao, tangu mwanzo, kwa sauti ya chini ili wagonjwa wa kitanda cha pili wasisikie. Alieleza kwamba ni jambo la kurithi na kwamba wao walikuwa wanalitegemea.

Daktari alimwacha amalize sentensi, kisha akamgeukia.

"Sijauliza mama yenu alikuwa na nini," akasema. "Nauliza huyu leo amekula nini, na amekunywa nini."

Dada hakujua. Aliyejua alikuwa njiani anakuja, kwani jirani wa karakana alikuwa amempigia mama mdogo simu. Mama mdogo aliingia wodini akihema, kilemba kimelegea. Alipoulizwa swali hilohilo akajibu kwamba hajampa kitu chochote, majani tu ya kifua. Daktari akauliza majani gani. Mama mdogo akaona ni upotezaji wa muda, mtoto anaumwa na watu wanaulizana habari za majani, lakini akaeleza: mmea wa kimo cha kiuno, maua meupe marefu kama tarumbeta, tunda la mviringo lenye miiba. Bwana Sponji, ambaye hakuwa ameambiwa afanye lolote, alikuwa ameshatoka. Alirudi na chupa ya chai kutoka karakana, tupu, na mfuko wa majani.

Daktari alimwaga kidogo kwenye kiganja, akazichambua mbegu kwa ukucha. Ndipo mabega yake yaliposhuka.

"Mnanaha," akasema. "Haya, sasa tunajua tunapambana na nini."

Alianza kutoa maagizo kwa muuguzi, dripu, dawa ya kumtuliza, mtu wa kukaa naye asije akajiumiza, mapigo ya moyo yaangaliwe usiku kucha. Mkono ukiwa unaandika, aliwaeleza wanafamilia. Mmea huo ni wa kweli, unafungua kifua kwelikweli, hata zamani watu waliuvuta na kuunywa kwa pumu. Tatizo ni kwamba kilichomo ndani yake hakigusi kifua peke yake. Kinakausha mate na jasho, kinapanua mboni, kinaukimbiza moyo, na kikizidi kinaipokonya akili: mtu anaona watu wasiokuwepo, anaongea nao, anafanya kazi yake ya kila siku kwa vifaa vya hewani. Na hakuna anayejua kipimo, maana mche wa huku na mche wa kule, jani na mbegu, havilingani ukali. Wengine wamekufa. Huyu amewahiwa.

"Na akili?" dada akauliza. Sauti ya kaunta ya posta ilikuwa imemtoka yote.

"Itarudi. Kesho, labda keshokutwa, dawa ikishamtoka mwilini. Asipokunywa tena, hali hii haimrudii."

Dada akasikia maneno hayo lakini hakuyapokea mara moja. Alimtaka daktari ayarudie. Daktari akayarudia. Ndipo dada akajifunika uso kwa viganja, na Bwana Sponji akasogea dirishani akajifanya anaangalia maegesho ya magari.

Mama mdogo ndiye aliyebaki amesimama. Alikuwa anatazama mfuko wa majani uliokuwa mezani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu ndefu. Dada akamwona, akamuuliza kama naye anaumwa.

"Dada yangu alikuwa anakunywa haya," akasema taratibu. "Kila msimu wa baridi. Kifua kilimsumbua kama cha huyu. Bibi yenu ndiye aliyemwonyesha."

Akaugusa mfuko kwa ncha ya kidole.

"Tukimpeleka kule hospitali, wanampa dawa zao za kifua, anatulia. Akirudi nyumbani, kifua kikimbana, namchemshia."

Daktari aliacha kuandika. Aliuliza maswali kadhaa kwa upole: kama mgonjwa alikuwa anasikia joto mno, kama alikuwa analalamika kiu, kama macho yake yalikuwa makubwa, kama alikuwa anaokotaokota vitu. Kila swali mama mdogo aliitikia kwa kichwa, na kwa mengine dada ndiye aliyeitikia, maana naye alikumbuka. Daktari akasema kwamba hawezi kumpima mtu aliyekwisha kuzikwa, wala hatasema neno asilokuwa na uhakika nalo. Ila akiulizwa yeye kama daktari, mwendawazimu anayepona kila akitengwa na chai, na kuugua kila akirudishiwa, huyo hana ugonjwa wa ukoo. Ana chai.

Mama mdogo akaketi. Alilia bila sauti, na dada alihama kiti chake akaenda kukaa karibu yake, akamshika. Hakumlaumu, wala hakumwambia asilie. Alimwambia kitu kimoja tu: kwamba mama yao aliipenda chai ile kwa sababu ilimpa pumzi, na mtu aliyekuwa anamletea pumzi alikuwa yeye.

Msumari aliamka wakati jua limeshapanda. Kitu cha kwanza alichokiona ni wingu jeupe, likawa pazia, likawa koti la muuguzi. Hakuweza kusoma maandishi ya kifuani mwa koti. Mdomo wake ulikuwa kama umejazwa pamba. Alijaribu, kama kawaida yake, kujiuliza leo ni siku gani, na jibu halikuja. Akajaribu kukumbuka jana ameshona nini. Akawakumbuka wateja wake, yule mama wa mkoba na wenzake, na papo hapo akajua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo.

Basi ndiyo hii, akawaza. Alishangaa kuona jinsi alivyokuwa mtulivu. Alikuwa ameingoja kwa muda mrefu mno, na sasa imefika. Aligeuza kichwa, akamwona dada yake amelala kwenye kiti, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemtoka, na mama mdogo ameegemea bega la dada. Aliwaonea huruma. Akaanza kutafuta maneno ya kuwaambia kwamba wampeleke tu kule, asitaabishe mtu.

Dada aliamka kabla hajayapata. Aliinama juu yake, akamtazama machoni kwa makini.

"Mimi ni nani?" akauliza.

"Wewe ni dada yangu," Msumari akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Na umekoroma."

Dada akacheka mpaka mama mdogo akagutuka. Kisha, kabla hata ya kumpa maji, akamwambia yote kwa pumzi moja, bila mpangilio, mnanaha na mboni na mbegu na daktari wa raba, akirukia kwa mama, akirudi kwenye chai, akirukia tena kwa mama. Msumari alisikiliza. Alimkatisha mara moja tu, kuuliza kama ni kweli au kama na hili analiota. Mama mdogo akamfinya mkono kwa nguvu ya kutosha kuacha alama, akamwambia ajibu mwenyewe.

Hakulia wala hakucheka. Aliwaomba maji, akanywa, akaomba mengine. Halafu akasema anataka kulala, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima alilala usingizi wa mtu asiye na zamu ya ulinzi. Alilala mchana kutwa. Daktari alipopita alimkuta hivyo, akasikiliza moyo bila kumwamsha, akaagiza aachwe.

Siku zilizofuata hazikuwa na kishindo. Macho yalichelewa kunyooka, na kwa muda aliona vitu vya karibu kama vimelowa. Alipewa dawa mpya ya kuvuta na akiba yake, akakanywa asije akathubutu tena kujitibu kwa chupa ya chai. Dada na mama mdogo walivaa glavu, wakang'oa miche yote nyuma ya nyumba, na kazi hiyo waliifanya wakiongea habari za marehemu kwa sauti ya kawaida, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Waliongea habari za nyimbo zake za jikoni na utani wake. Dada aliwasimulia wanawe jioni ile kuhusu bibi yao, na hakuchuja. Mkubwa akauliza kwa nini hawajawahi kuambiwa. Dada akasema hata yeye ndiyo kwanza ameambiwa.

Msumari alirudi karakana na kulikuta kochi la wakili likiwa na alama za ngumi kwenye vumbi la mbao, hakuna msumari hata mmoja. Alilicheka peke yake, akafunga kitambaa puani kama daktari alivyomwagiza, akaanza upya. Alikuwa anapaka gundi kwenye fremu ya kochi Bwana Sponji alipoegesha.

Alishusha mzigo, akauliza hali, akajibiwa nzuri. Akaketi kwenye kona ya fremu kupumzika. Msumari alitoa misumari midomoni, akaiweka mezani. Alikuwa ameliandaa neno hilo tangu asubuhi, lakini lilipotoka lilitoka limekunjamana. Alimweleza kwa nini alimkataa. Alimweleza habari za mama yake, na za hofu, na jinsi alivyoona si haki kumfungia mtu mwema ndoa na mwanamke ambaye siku moja angeanza kuongea na ukuta. Akasema sasa anajua haikuwa hivyo.

Bwana Sponji alimsikiliza mpaka mwisho.

"Habari za mama yako nilikuwa nazijua," akasema.

"Ulizijua?"

"Mtaa mzima unazijua. Niliambiwa siku ya kwanza nilipoleta mzigo."

"Na bado ukaniomba?"

"Mara mbili," akasema Bwana Sponji. "Mimi nilidhani ni unene wangu."

Msumari alimtazama. Miaka yote ile alikuwa amejificha nyuma ya mlango ambao haukuwa na ufunguo wala komeo, na mtu huyu alikuwa nje, anaona ndani, anangoja tu. Alitaka kukasirika, akakuta hasira haipo. Kilichokuwepo kilikuwa chepesi, kikubwa, kama mzigo wa pikapu ile.

"Basi niombe tena," akasema.

Bwana Sponji akajiandaa. Alikohoa, akanyoosha kola, akajaribu kusimama ili alifanye jambo hilo kwa heshima yake, na fremu nzima ikainuka pamoja naye.

"Usivute," Msumari akamwambia, huku akicheka mpaka akashika ubavu, na pumzi ikiingia na kutoka bila taabu. "Hapo ulipokaa nimepaka gundi. Kaa hivyohivyo, sema."